Jibu kwa aliyeuliza kwa nini deraya ya askari wake inaonekana kama foili

Mkuu, picha zako tatu nimezitazama kwa makini. Umempaka askari wako wa Ulaya wa karne ya 15, kisanamu cha plastiki cha milimita 75 kilichovaa deraya (vazi la chuma la vita), rangi ya fedha mara mbili, na bado anaonekana kama kafungwa foili ya kuokea samaki. Rangi yako haina tatizo. Kinachokosekana ni giza.

Nenda jikoni, chukua kijiko, kishike karibu na dirisha. Utaona mstari mweupe unaochoma macho, na hapohapo pembeni yake weusi mtupu. Sehemu kubwa ya kijiko haina rangi ya fedha kabisa: kuna ukahawia wa meza, kuna rangi ya shati lako. Chuma kilichosuguliwa huonyesha vilivyokizunguka. Ukipaka fedha kuanzia kofia hadi kiatu, jicho linakataa.

Mimi huanza na praima (rangi ya kwanza ya msingi) nyeusi inayong'aa. Rangi ya metali ina chembe ndogo bapa, za mika (madini yanayometameta) au za aluminiamu. Zikikuta uso laini zinalala vizuri, zikikuta uso wenye chengachenga zinakaa ovyo na mng'ao unavunjika. Kwa hiyo ule mshono wa plastiki pajani uusugue kwa msasa namba 800, kisha 1000. Tikisa chupa sana maana chembe hutuama, halafu paka nyembamba mara tatu au nne. Brashi ya rangi ya metali iwe na kikombe chake cha maji, la sivyo kesho utakuta mashavu ya askari yanameremeta.

Kazi yenyewe iko kwenye kivuli. Piga vanishi ya akriliki inayong'aa, acha siku nzima. Changanya rangi ya mafuta, nyeusi na kahawia iliyokolea, uilegeze kwa tapentaini (tina ya magari usiiguse, itavua kila kitu). Ipeleke kwenye maungio ya mabamba, kwapani, nyuma ya goti. Subiri kama dakika 20, kisha ifute taratibu kwa brashi kavu kuelekea penye mwanga. Mwisho rudisha fedha safi kwenye kingo tu, kwa ncha ya brashi.

Sasa vanishi ya kufunikia, na hapa naomba unisikilize sana. Askari wangu wa kwanza nilimpulizia mzima vanishi isiyong'aa, nikidhani nailinda kazi ya wiki tatu. Alipokauka alikuwa na rangi ya saruji. Vanishi ile hutawanya mwanga, na mng'ao wote ukaondoka. Iliniuma kweli. Siku hizi naipaka kwa brashi kwenye ngozi, nguo na ndani ya vivuli, basi.

Kuhusu upanga, mwalimu wangu ni panga la bibi kule Rungwe. Makali yanang'aa upana wa kidole, na mikwaruzo ya jiwe la kunolea yote imelala upande mmoja. Juu yake kuna madoa meusi ya utomvu wa migomba. Karibu na mpini, kutu ya kahawia iliyokomaa. Rangi ya chungwa huioni, kwa sababu kutu ya chungwa ni kutu changa, na panga la kila siku haliipi nafasi. Wewe umemwaga chungwa kwenye upanga mzima wa mtu anayeishi kwa upanga huo. Ifute, bakiza kidogo sana penye kikingio cha mkono.

Wapo watakaokushauri uchore chuma kwa kijivu, nyeusi na nyeupe bila metali yoyote. Ni ufundi mkubwa na pichani unapendeza mno, ila ukimgeuza kisanamu mkononi, mwanga uliochorwa haugeuki naye. Wako ni wa kuwekwa kabatini azungukwe na watu, kwa hiyo baki na metali.

Anza na mguu wa kushoto peke yake, umpige picha dirishani saa za asubuhi, uiweke hapa tuone.