Ile Zawadi Niliyoletewa Kazini

Nilikuwa mtunza stoo. Kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo, kuihesabu na kutia saini. Siku mbili kabla ya Idi, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akituletea bidhaa alinipa kitambaa cha kanzu. "Ndugu yangu, hii ni Idi tu, usifikirie vingine." Nikashona, nikaswalia. Hakuniomba chochote.

Baada ya miezi michache akaleta katoni. Nikahesabu mara mbili, tatu hazikuwepo. Akatabasamu: "Andika zimetimia, kesho nazileta." Kalamu iko mkononi, lakini ulimi mzito. Ningemwambiaje hapana mtu aliyenivisha siku ya Idi? Nikasaini. Katoni hazikuletwa.

Wengi wetu tunaijua hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Mimi pia niliijua, ila nilidhani rushwa ni bahasha. Kilichonizindua ni kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume. Mtu huyo alitumwa na Mtume kukusanya zaka, akarudi akisema: hii yenu, na hii nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza: kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama angeletewa zawadi?

Swali hilo ndilo ninalokushauri utembee nalo. Ukipewa kitu na mtu mwenye shida na saini yako, jiulize: ningekuwa nimekaa kwa mama, bila cheo, angenijia? Kama jibu ni hapana, kirudishe siku hiyo hiyo. Usikilaze nyumbani, maana kikishalala utakitafutia fatwa.

Kuna pia anayedaiwa "kitu kidogo" ili apewe haki yake. Wanazuoni wengi wamesema aliyebanwa kweli, asiye na njia nyingine ya kupata haki au kuondoa dhulma, dhambi iko kwa mpokeaji. Lakini tusijiruhusu haraka. Umeomba risiti? Umemfuata mkubwa wake? Umekwenda na shahidi? Mara nyingi tunatoa ili kukwepa foleni tu, na kukwepa foleni ni kula zamu ya mwenzako.

Na kama umeshapokea, kama mimi, toba ya mali ya watu haiishii kwenye istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha kwa ulimi. Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamweleza yote. Nilitetemeka, sitaficha. Thamani ya zile katoni tatu ikakatwa kwenye mshahara wangu, na kwa miezi kadhaa hakuniamini na funguo.

Yule mfanyabiashara nilimrudishia thamani ya kitambaa mkononi mwake. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea bila kunitazama. Alipoleta mzigo uliofuata tulihesabu pamoja, katoni kwa katoni, kila mmoja na karatasi yake.