Mashine za kura "kuingiliwa kwa intaneti": tuangalie karatasi

Yaya, unasema kura za Katuba, hapa Kongo, zilibadilishwa na mtu aliyekaa Ulaya na kompyuta. Hapana. Mashine ya CENI (tume ya uchaguzi) ni ya kuchapa: unagusa picha ya mgombea, inatoa karatasi, unahakikisha ni yeye, unaikunja, unaitia mwenyewe ndani ya sanduku. Jioni wanahesabu zile karatasi kwa mkono, mbele ya mashahidi wa vyama. Hata skrini ikidanganya, karatasi ilishapita machoni pako.

Wizi wa kweli unapita kwa mikono. Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82, na kule Masi-Manimba na Yakoma ilifuta uchaguzi mzima wa wabunge. Kati ya sababu: watu kushika mashine bila haki. Hakuna aliyehitaji intaneti hapo.

Kwa hiyo shahidi wako asiondoke kabla ya kuhesabu kuisha. Kwanza alinganishe idadi ya waliotia sahihi na karatasi za ndani ya sanduku. Zikizidi, aandikishe kwenye PV (ripoti rasmi ya uchaguzi) palepale, maana malalamiko ya mdomo hayafiki mahakamani. Halafu apige picha ya fishi (karatasi) ya matokeo: namba ya biro ya kupigia kura, hesabu kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi zote zionekane. Karatasi ikikatwa pembeni kwenye picha, haisaidii kitu! Hatari kubwa iko njiani kati ya biro na senta ya kujumlisha, na ile picha ndiyo itaonyesha kama namba imeguswa.