Barabara imeshaidhinishwa. Bado kuna kesi?

SUALA: Assalaam alaykum wakili. Sisi tuko Pemba. Nyumba yetu na mikarafuu tuliyorithi kwa babu imetiwa alama nyekundu kwa sababu barabara inapanuliwa. Kuna bwana anapita nyumba kwa nyumba akitaka laki mbili, anasema atatuletea zuio na mradi utakufa. Wengine wanatwambia Serikali ikishaidhinisha, mambo yamekwisha. Tumsikilize nani?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Msimsikilize hata mmoja kati yao.

Idhini haifungi mlango wa mahkama. Lakini jaji hapimi kama barabara inafaa au haifai. Anaangalia njia iliyopitiwa hadi ikaidhinishwa. Kila wiki nakaa na watu waliojiandaa kueleza kwamba barabara haina haja. Nikiwauliza mkutano wa shehia ulifanyika lini, tathmini ya athari za mazingira ilifikishwa ZEMA, yaani mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, au haikufikishwa, fomu ya mthamini iko wapi, wananitazama tu.

Kesi ninayowapa vijana ofisini kwangu waisome ni ya Marekani. Barabara kuu ya njia sita ilipangwa kukata bustani ya Overton Park mjini Memphis, na Waziri wa Usafiri, John Volpe, akaiidhinisha. Sheria ilikataza fedha za serikali kuu kupitisha barabara kwenye bustani ya umma ikiwa ipo njia nyengine inayowezekana. Wakaazi walishindwa katika mahkama mbili za chini. Mwaka 1971 Mahkama ya Juu ikawasikiliza. Haikusema barabara ni mbaya. Ilikataa viapo vilivyoandikwa baada ya kesi kufunguliwa, ikataka majalada yaliyokuwa mbele ya Waziri siku alipoamua. Bustani ilisalimika, ila baadhi ya nyumba nje yake zilikuwa zimeshavunjwa, na mpango wenyewe haukuachwa mpaka 1981.

Basi huyo bwana wa laki mbili anawauzia nini? Zuio ni amri ya kusimamisha kazi kwa muda wakati kesi inasikilizwa. Linaweza kuondolewa, na halimpi mtu fidia. Nimeona familia zilizoshangilia zuio, zikaacha kufuatilia tathmini, na lilipoondolewa miti yao haikuwa imeandikwa popote.

Na kwenu miti ndiyo yenye uzito. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma chini ya dhamana ya Rais. Chenu ni haki ya kuitumia, pamoja na mlichojenga na mlichopanda. Pemba mkarafuu unaweza kuwa wa shangazi na ardhi ikawa ya mwengine. Mirathi ya babu kama haijagaiwa, kaeni warithi wote, akina mama wakiwemo, muandike mti kwa mti. Mtu mmoja asiweke saini kwa niaba ya ukoo bila ya idhini yao ya maandishi.

Wako pia wanaoshauri watu wachomeke miche usiku ili hesabu ipande. Mthamini anaujua mche wa jana. Akishakukuta na uongo mmoja, hata mkarafuu wa miaka arubaini atautilia shaka, na mwanasheria wa Serikali atalitumia hilo mahkamani. Haya nayasema kwa kila aliyeko pembezoni mwa barabara, Unguja na Pemba: anayedai pesa kabla ya kusoma karatasi zako si wakili. Muulize kama ameandikishwa kutetea katika mahkama za Zanzibar, umtake risiti, na usimkabidhi hati halisi hata akiapa.

Nyinyi anzeni kesho. Piga picha nyumba na kila mti, sheha akiwepo. Ombeni kwa barua nakala ya fomu ya tathmini na ya ripoti ya mazingira, na nakala ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Fomu yenye nafasi tupu msiisaini. Mkikataliwa karatasi, au mkiona hesabu imepunguzwa, njooni na barua hiyo yenye muhuri. Hapo nitakuwa na cha kumuonesha jaji.