Programu ya kutoa nyimbo kwenye CD, kwa wenye CD za River Road

Kama una CD za benga ulizonunua River Road, Nairobi, miaka ile, au za kwaya ya kanisa lenu, zihamishie kwenye kompyuta mwaka huu. Nyingi zilichomwa kwenye diski tupu za bei nafuu, na rangi inayobeba muziki kwenye diski hizo huchakaa hata zikikaa kabatini. Laptopu za siku hizi hazina sehemu ya kutia CD, kwa hiyo tafuta draivu ya nje ya USB kwenye maduka ya Luthuli Avenue.

Watu huniuliza programu gani ina kasi. Mimi naangalia jambo moja: ikikutana na mkwaruzo, itakwambia? Programu nyingi husoma tu na kuendelea, nawe unakuja kugundua mlio wa "tk tk" katikati ya gitaa la solo wakati CD yenyewe umeshaigawa. Kwenye Windows natumia Exact Audio Copy, na kwenye Mac XLD. Wa Linux wajaribu fre:ac, inayofanya kazi pia kwenye hizo nyingine mbili. Zote ni za bure. Zipakue kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe, maana tovuti nyingine huzifungasha na takataka za matangazo.

Exact Audio Copy ina sura ya kizamani na mipangilio yake inachosha siku ya kwanza. Ivumilie. Utasikia ikisifiwa kwa sababu ya AccurateRip, mfumo unaolinganisha nakala yako na za watu wengine waliosoma CD hiyohiyo. Kwa albamu iliyouzwa dunia nzima, sawa kabisa. Lakini CD ya kwaya ya Kayole utailinganisha na ya nani? Hapo ndipo Test & Copy ya programu hiyo inapookoa: wimbo unasomwa mara mbili, na kila usomaji unapewa alama ya herufi na tarakimu, mfano 8F3A21C0. Alama mbili zikifanana, endelea na wimbo unaofuata. Zikitofautiana, toa diski, ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha, kisha rudia wimbo huo tu.

Majina ya nyimbo nayo utayaandika mwenyewe mara nyingi, kwa sababu MusicBrainz, hifadhidata ya mtandaoni ya majina ya nyimbo, haizijui CD zetu nyingi. Andika na majina ya wapigaji kama yapo kwenye jalada. Jalada likipotea, hakuna atakayeyakumbuka.

Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya sauti. Dakika moja ya CD huchukua takriban MB 10. FLAC huipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza sauti yoyote. MP3 hukata sehemu ya sauti moja kwa moja, kwa hiyo itengeneze kutoka FLAC, ya kuweka kwenye simu. Kugeuza MP3 kuwa FLAC huongeza ukubwa wa faili tu. Kazi ya kugeuza FLAC kuwa MP3 naifanyia fre:ac, na nakala zangu ni za kusikiliza, si za kuuza. Msanii hula kwa kuuza muziki wake.

Sasa kuchoma. Shangazi aliniambia, "Mwanangu, nichomee CD yangu ya kwaya nisikilize kwenye gari." Swali la kwanza nililomuuliza ni kama redio ya gari inasoma MP3. Haisomi, kwa hiyo nikachoma CD ya sauti (ile ya kawaida, si ya faili za MP3), ambayo mwisho wake ni dakika 80 hata kama faili zako ni ndogo namna gani. Kwenye Windows, CDBurnerXP inatosha. Nunua CD-R, inayochomwa mara moja tu, maana redio nyingi za zamani hukataa CD-RW, ile inayofutika na kuchomwa tena. Kama ni ibada iliyorekodiwa mfululizo, chagua Disc-at-Once, yaani kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, la sivyo kunaweza kuingia ukimya wa sekunde 2 kati ya wimbo na wimbo, ukakatisha mapambio. Usibandike karatasi juu ya diski. Joto la gari huibandua, ikakwama ndani ya redio. Andika kwa kalamu ya wino ya CD.