Mmea Mpya wa Msituni, Nani Kasema ni Mpya? Maswali Yenu na Majibu

Toleo lililopita tuligusa kidogo habari ya Pinanga subterranea, ule mmea jamaa ya mpopoo wa kisiwa cha Borneo ambao maua na matunda yake yako chini ya udongo, uliopewa jina rasmi mwaka 2023. Sikutegemea mngeandika namna hii, maswali yamejaa, mengine utani mtupu na mengine yamenikalisha kitako. Nimechukua machache, kama lako halipo usinune, mengi yalifanana.

Shikamoo mzee wa mimea. Hivi hawa wanasayansi wanajuaje kama mmea ni mpya? Borneo kuna mimea maelfu kwa maelfu, hakuna mtu kaiona yote, sasa mtu akichuma jani akasema hili jipya si anaweza kuwa anajidanganya tu?

Marahaba. Anaweza kujidanganya kabisa, na wengi washajidanganya, ndo maana kuna majina kibao ya Kilatini yaliyopigwa chini baada ya mtu kugundua kwamba mmea huohuo ulishapewa jina na mwingine miaka mia nyuma. Sheria yao ni kwamba jina la kwanza kuchapishwa kihalali ndo linashinda, na wanahesabu kuanzia 1753, mwaka ambao Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alitoa kitabu chake Species Plantarum.

Kwa hiyo pale msituni hakuna anayejua kwa uhakika, msituni unapata shaka tu, unaona jani hili mbona limekaa hivi, ua hili mbona halifanani na yale niliyozoea. Ukweli unatafutwa hebaria, yaani yale makabati ya mimea iliyokaushwa na kubanwa kwenye karatasi, kila moja na lebo yake inayosema nani kaichuma, wapi, lini. Bustani ya mimea ya Kew kule London wana sampuli kama milioni 7, halafu kuna Bogor pale Indonesia, Singapore, Leiden ya Uholanzi, Sandakan na Kuching upande wa Malaysia. Mtaalamu anakaa na jenasi yake moja, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, tuseme begonia ambazo spishi zake zimepita 2,000, anatoa karatasi moja baada ya nyingine, anapima, anachungulia na hadubini vinywele vya chini ya jani, anasoma maelezo ya kila spishi iliyo karibu, na zaidi ya yote anatafuta holotaipu, ile sampuli moja ambayo jina la spishi limefungwa kwake. Ukitaka kusema mmea wako si ule, basi onyesha unavyotofautiana na ile sampuli yenyewe, siyo na picha uliyoiona kwenye kitabu cha watalii. Siku hizi holotaipu nyingi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, imerahisisha sana, ila vinywele vya jani kwenye picha wakati mwingine ni kubahatisha.

Na sasa sikiliza hii manake ndo inayonifurahisha mimi. Kuna utafiti wa 2010 uliangalia inachukua muda gani tangu mmea unachumwa mpaka unatangazwa spishi mpya, ikaonekana ni asilimia 16 tu zinazotangazwa ndani ya miaka mitano, na karibu robo nzima sampuli zake zilikuwa zimelala kabatini zaidi ya miaka 50. Miaka 50! Yaani aliyeuchuma kashazeeka au kafa, mmea uko pale umeandikwa "sp.", yaani spishi isiyojulikana, na alama ya kuuliza, unasubiri mtu wa kuutazama vizuri. Waandishi wa utafiti huo walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya spishi za maua ambazo bado hazijapewa majina tayari zimeshachumwa na ziko kwenye makabati. Huyo Pinanga wetu naye, mtaalamu wa Malaysia Paul Chai aliuona mwaka 1997 kwenye hifadhi ya Lanjak Entimau, Sarawak, jina likaja 2023. Kwa hiyo ukisikia redioni "wanasayansi wagundua" usifikirie mtu kaangua kilio cha furaha porini jana asubuhi.

DNA inasaidia lakini haimalizi ubishi, maana inakwambia huyu na yule wametofautiana kiasi gani, haikwambii kiasi gani kinatosha kuwaita spishi mbili. Hapo bado ni kichwa cha binadamu, na vichwa vinagombana.

Wenyeji walikuwa wanayala hayo matunda miaka yote. Sasa wamegundua nini?

Umenibana, na nakubaliana na wewe zaidi ya unavyofikiri. Ule Pinanga ulikuwa na majina yasiyopungua manne katika lugha tatu za Borneo, mojawapo pinang tanah, na watu walijua pa kuuchimba, na nguruwe mwitu ndo kabisa, wanafukua yale matunda mekundu wanakula na kusambaza mbegu. Kilichofanyika 2023 ni kuuingiza kwenye daftari la dunia nzima, ili mtu wa Sumatra na mtu wa Brazil wakiutaja wajue wanazungumzia mmea mmoja. Ni kazi halali, ila kuiita kugundua ni kujipa ujiko.

Na hii tabia haijaanza jana. Lile ua kubwa kuliko yote duniani, Rafflesia arnoldii, linalofika kama mita moja kwa upana, linabeba majina ya Waingereza wawili, Stamford Raffles na daktari Joseph Arnold, waliokuwa Sumatra mwaka 1818. Arnold mwenyewe aliandika kwamba aliyeliona kwanza ni mtumishi wa Kimalay aliyekuja mbio kumwita aje aone. Jina la huyo mtumishi halimo kwenye ua. Arnold naye alikufa kwa homa mwaka huohuo, wala hakuwahi kuona jina lake likichapishwa. Siku hizi walau maandiko mengi yanataja majina ya wenyeji ya mmea na matumizi yake, na watafiti wa nchi husika wanakuwa waandishi wenza, sio wabeba mizigo tu.

Mimi nasomea botania, nataka siku moja niandike spishi yangu. Naanzia wapi, na hayo maandishi yanakaaje?

Anza na kibali mwanangu, kabla hata ya kununua buti. Nchi kama Indonesia, Malaysia na Ufilipino hazitaki tena mtu aje achume aondoke, na tangu Itifaki ya Nagoya ya 2010, ule mkataba wa kimataifa, mambo ya nani ananufaika na mimea ya nani yamekuwa mazito. Bila karatasi hata ukipata mmea wa ajabu majarida ya maana hayatakugusa.

Porini chuma mmea wenye maua au matunda, ikiwezekana vyote, majani matupu yatakutesa. Chuma nakala kadhaa kama mimea ipo ya kutosha, moja ndo itakuwa holotaipu na zingine zinagawiwa hebaria tofauti, maana vita na moto vimeshamaliza makabati mazima huko nyuma. Misitu ya huko imelowa muda wote, ukisubiri kukausha ukirudi mjini utakuta ukungu umekula kila kitu, kwa hiyo watu wanalaza sampuli kwenye magazeti, wanaziweka kwenye mfuko wa plastiki, wanamwagia spiriti halafu wanafunga vizuri, zinakaa hivyo mpaka kwenye oveni ya kukaushia. Shida spiriti inaharibu DNA, kwa hiyo kabla hujamwaga kata vipande vya jani utie kwenye kimfuko cha silika jeli, vile vipunje vya kufyonza unyevu. Na andika PALEPALE, rangi ya ua, harufu, utomvu ni mweupe au mwekundu, urefu wa mti, umeota kwenye mwamba au kwenye tope, mwinuko, majira ya GPS (zile namba za kuonyesha mahali), kwa sababu mmea ukishakauka unageuka kahawia na hayo yote yanapotea moja kwa moja.

Kwenye kuandika, moyo wa kazi ni aya fupi tu inayosema spishi hii inafanana na fulani lakini inatofautiana nayo kwa hiki na hiki. Mfano wa kubuni: majani yana vinywele chini badala ya kuwa matupu, stameni (vile vijiti vya chavua ndani ya ua) 12 badala ya 8. Aya hiyo ikiwa legelege na kazi nzima ni legelege, hata uongeze kurasa 20 za picha nzuri. Baada yake ndo yanakuja maelezo marefu, na humo kuna desturi ya kufuata mpangilio, umbo la mmea kwanza, shina, majani, maua, matunda, mbegu, kila kitu kwa milimita na sentimita. Halafu unataja holotaipu ni ipi, imechumwa na nani, namba ngapi, imewekwa hebaria gani, hapo ukisahau jina lako halihesabiki hata kama mmea ni mpya kweli. Mchoro wa kalamu bado unapendwa kuliko picha kwa sababu mchoraji anaweza kukata ua katikati akakuonyesha ndani. Malizia na mahali unapoota, miezi ya maua, na hali yake, iko hatarini kiasi gani kwa vigezo vya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi.

Kilatini? Pumua. Zamani ilikuwa lazima uandike maelezo kwa Kilatini, kuanzia tarehe 1 Januari 2012 Kiingereza kinaruhusiwa, na siku hiyohiyo ikaruhusiwa kuchapisha kwa PDF mtandaoni bila kusubiri jarida la karatasi. Jina lenyewe tu ndo lazima likae kwa umbo la Kilatini.

Naweza kuupa jina la mchumba wangu?

Unaweza, sheria haikukatazi. Mwanamke kwa kawaida jina linaishia na -ae, mwanaume -i. Jina lako mwenyewe usithubutu, hakuna atakayekufunga ila watakucheka mpaka ustaafu. Lakini fikiria vizuri hilo la mchumba bwana, jina likishachapishwa kihalali huwezi kulibadilisha kwa sababu mmeachana.

Nimesikia kuna mmea unakula wadudu chini ya ardhi, ni kweli au ni hizi habari za mitandaoni?

Ni kweli, unaitwa Nepenthes pudica, ulitangazwa 2022 kutoka Kalimantan Kaskazini, upande wa Indonesia wa Borneo. Hii familia unaijua, ncha ya jani inageuka kuwa kama mtungi wenye majimaji, mdudu anateleza anaingia, anaozea humo mmea unapata chakula. Sasa watafiti walikuta mimea mgongoni mwa milima, mwinuko wa mita 1,100 hadi 1,300, ni Nepenthes kabisa ila haina mitungi. Wanazunguka, hamna. Baadaye ndo wakaona mtungi umechomoza kwenye udongo umepinda vibaya, na walipobandua zulia la vijimea laini vya kijani kwenye shina la mti wakakuta mitungi imejazana huko chini, mizima kabisa, inafika sentimita 11 na imebeba chungu wa kutosha. Inatoa vijitawi vya pekee vinavyoingia ardhini na majani yake madogo meupe yasiyo na kijani, mitungi inaota huko. Inadhaniwa juu ya ile milima kunakauka mara kwa mara, chini kuna unyevu na wadudu hawakosekani. Ndani ya mitungi kukakutwa hadi viluwiluwi vya mbu.

Eti Ufilipino kuna mti unakula chuma?

Siyo chuma, nikeli, na haili, inaifyonza. Rinorea niccolifera, kisiwa cha Luzon, ilitangazwa 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufilipino Los Baños. Majani yake yanabeba nikeli mpaka 18,000 ppm, yaani karibu asilimia 2 ya uzito wa jani kavu, kiwango ambacho mimea ya kawaida ingekufa mapema sana.

Kwa nini wakishatangaza mmea mpya hawasemi uko wapi hasa? Si wanaficha sayansi?

Wanaficha kwa makusudi na mimi nawaunga mkono. Okidi Paphiopedilum vietnamense ilitangazwa 1999 kutoka kaskazini mwa Vietnam, wachuuzi wakaingia, miaka michache tu msituni ikawa karibu hakuna kabisa, imebaki kwenye vyungu vya watu. Tangu hapo kwa okidi, Nepenthes na vitu vingine vinavyouzika wengi wanaandika wilaya au mlima tu, majira kamili ya GPS yanabaki kwenye lebo ya hebaria na mtafiti mwenye sababu akiomba anapewa. Ni kweli inamsumbua mwanafunzi anayetaka kwenda kuuangalia mmea. Asumbuke tu.

Nina picha nzuri sana za ua nililolipiga safarini Thailand, nimeuliza kwenye magrupu hakuna anayelijua. Picha zinatosha kutangaza spishi mpya?

Hapana. Kwa mimea ya namna hii, tangu 1 Januari 2007 holotaipu lazima iwe sampuli yenyewe, mchoro au picha haikubaliki. Picha zako si bure lakini, zitumie kwa mtu anayeshughulika na jenasi hiyo, na hapo ujue magrupu ya maua ya bustani siyo mahali pake. Mtumie ua kwa mbele na kwa ubavu, jani juu na chini, mmea mzima ukiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa, tarehe, na mahali ulipopiga. Mahali hapo mwambie yeye peke yake, usiandike chini ya picha.