Muulize Fundi: Jezi ya njano bila kushinda hatua hata moja

*Shikamoo Fundi. Hapa kinyozini kwetu Makorora, Tanga, tumebishana tangu Jumamosi. Mwenzangu anashikilia kwamba Chris Froome, yule aliyezaliwa Nairobi, alitwaa Tour de France ya 2017, zile mbio kubwa za baiskeli, bila kufika wa kwanza hata siku moja. Mimi nasema haiwezekani, bingwa ni anayetangulia. Nani kasema kweli? Na hao wenzake wanaomzunguka barabarani wanapata nini, maana sijaona hata mmoja akipewa kombe?*
Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu. Mwenzako kasema kweli. Mwaka ule mbio zilianza Düsseldorf, Ujerumani, tarehe 1 Julai, zikaishia Paris tarehe 23, na katika hatua 21, yaani vipande vya safari vya siku moja moja, Froome hakutangulia hata kimoja. Wala si yeye wa kwanza. Greg LeMond wa Marekani alifanya hivyo 1990, na Egan Bernal wa Colombia akaja kufanya hivyo 2019.

Tour inahesabu saa. Muda wako wa leo unajumlishwa na wa jana na wa juzi, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano. Kila hatua ina mshindi wake na sherehe yake, na katika hatua za kawaida watatu wa mbele hupunguziwa sekunde 10, 6 na 4. Lakini wanaofika ndani ya kundi moja huandikiwa muda mmoja, awe wa tano au wa themanini. Kwa hiyo mtu anaweza kuwaachia wenye mbio za mwisho wagombanie mstari kule tambarare, yeye akae salama kundini, kisha avune sekunde zake milimani na siku zile ambazo kila mtu hutoka peke yake kushindana na saa. Froome alikaa barabarani zaidi ya saa 86, akamzidi Rigoberto Urán wa Colombia kwa sekunde 54 tu.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niichague barua yako.

Adui wa mwendesha baiskeli ni upepo. Ukikaa nyuma ya tairi la mwenzako unaokoa karibu theluthi ya nguvu zako. Ndiyo maana timu, iliyokuwa na watu 9 mwaka ule na siku hizi 8, humteua kiongozi mmoja na waliobaki wanamfanyia kazi. Wanamkinga upepo kwa saa nzima nzima, wanarudi kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji na kuzipeleka mbele, na baiskeli yake ikiharibika wanampa ya kwao.

Sasa sikiliza kilichotokea tarehe 16 Julai, hatua ya 15 kuelekea Le Puy-en-Velay. Froome alikuwa na jezi ya njano kwa sekunde 18 mbele ya Fabio Aru wa Italia. Timu ya Mfaransa Romain Bardet ikakaza mwendo kabla ya mlima wa Peyra Taillade, na wakati huohuo spoki ya gurudumu la nyuma la Froome ikakatika. Mimi spoki ndiyo kazi yangu ya kila siku, najua gurudumu la nyuma linabeba uzito wa mtu na mvuto wa cheni kwa pamoja. Spoki moja ikiachia, rimu inaanza kuyumba, na kwa mwendo ule huwezi kwenda nayo mbali. Michał Kwiatkowski wa Poland, ambaye alikuwa bingwa wa dunia 2014, akasimama, akachomoa gurudumu lake la nyuma, akampa kiongozi wake. Yeye akabaki pale kando ya barabara.

Wapinzani walikuwa wameshaondoka, karibu dakika nzima mbele. Wenzake wa timu, Mikel Nieve na Sergio Henao, wakamvuta Froome kupanda, kisha Mikel Landa, naye wa timu hiyohiyo, aliyekuwa kule mbele na wakubwa, akapunguza mwendo amsubiri na kumfikisha. Jioni ile zile sekunde 18 zilikuwa vilevile.

Siku ya kushindana na saa, Marseille, hatua ya 20, Kwiatkowski alikosa ushindi kwa sekunde 1 nyuma ya Mpoland mwenzake, Maciej Bodnar. Na Landa? Alimaliza Tour akiwa wa nne, sekunde 1 nyuma ya Bardet aliyepanda jukwaani wa tatu. Sekunde moja, baada ya wiki tatu! Kila nikilisoma jedwali lile, jicho langu hukwama kwa Landa, si kwa Froome.

Wanapata nini? Mshahara wa timu, kwanza. Halafu kuna desturi ya zamani: zawadi ya bingwa, euro 500,000, huingia mfuko wa pamoja na kugawanywa kwa wenzake, na mara nyingi mafundi na wakandaji hawasahauliki. Kombe hawapati, hapo uko sahihi kabisa.

Ila msaada huu ni wa timu moja tu. Katika Giro d'Italia ya 2015, mbio kama hizi za kule Italia, Richie Porte alipasukiwa tairi, na Simon Clarke, Mwaustralia mwenzake wa timu nyingine, akampa gurudumu lake. Wote wawili wakaongezewa dakika 2. Kanuni ni kanuni, lakini mimi moyo uliniuma.

Mkiangalia tena hapo kinyozini, mwache kidogo mwenye jezi ya njano. Chagueni msaidizi mmoja, mshike namba yake ya mgongoni, na mmfuate tangu mwanzo wa mlima mpaka anapoishiwa pumzi. Na ukipata nauli ya kwenda Kigali mwezi Februari, wakati wa Tour du Rwanda, kasimame kwenye kile kipando cha mawe wanachokiita Mur de Kigali. Pale kazi yao utaiona kwa macho yako, bila runinga.