Kabla hujalipia TV: maswali ya wasomaji wa Arusha na Moshi

Kaka, muuzaji ananiambia nisichukue LCD, nichukue LED. Tofauti ni nini? (Sakina, Arusha)

Zote ni LCD, yaani kioo kisichotoa mwanga chenyewe, kinahitaji taa nyuma yake. LED ndizo taa hizo za nyuma, zimechukua nafasi ya mirija ya taa ya zamani. QLED nayo ni LCD iliyoongezewa tabaka la kukoleza rangi. Inayojitenga ni OLED: kila nukta (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) inawaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo nyeusi inakuwa nyeusi kwelikweli. Na bei yake imechangamka.

Mwanangu, tunachanga tununue inchi 43. Vijana wanataka 4K, mimi naona Full HD inatosha. Tunaangalia zaidi king'amuzi. (Kiboriloni, Moshi)

Shikamoo mama. Kwa matumizi yenu, uko sahihi. Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani jumla ya nukta ni mara nne. Lakini kwa inchi 43, ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi, jicho zuri halitenganishi tena nukta za Full HD. Pimeni kwa futi kutoka kwenye kochi hadi ukutani kabla hamjabishana. 4K ya Netflix nayo inataka intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde, na saa moja inaweza kula hadi GB 7, kwa hiyo hesabuni na bando. Bei zikikaribiana, wapeni vijana 4K yao.

Kinachoniuma mimi ni waya. Watu wananunua TV nzuri, halafu wanaiunganisha na king'amuzi kwa zile waya tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Ya njano ndiyo inayobeba picha, na haivuki mistari 576 kwa kimo. Umelipia 1,080, unaangalia 576! Kama king'amuzi chenu kina tundu la HDMI (waya mmoja unaobeba picha ya HD na sauti), nunueni waya wake, kisha ingieni kwenye menyu ya king'amuzi mchague 1080. Kwenye chaneli za HD, hata majina mgongoni mwa jezi mtayasoma.

Sebule yangu ina madirisha makubwa pande mbili. OLED itanifaa? (Njiro, Arusha)

Kama unaangalia zaidi mchana, tafuta LCD yenye mwanga mkali. Uzuri wa OLED unaufaidi chumba kikiwa na giza. Tena TV ikishinda kwenye chaneli moja kila siku, nembo ya pembeni inaweza kuacha alama ya kudumu kwenye OLED. Dukani usihukumu kwa ile video ya maonyesho iliyokolezwa rangi. Omba wakuwekee mpira au taarifa ya habari.

Boksi limeandikwa 4K ila bei ni ya HD. Niamini? (Unga Limited, Arusha)

Usilipe kwanza, dada. Tafuta kwenye karatasi ya maelezo idadi ya nukta za kioo chenyewe: 3840 x 2160. Ukikuta 1366 x 768, hiyo ni HD, hata kama boksi linadai TV inapokea 4K. Inaipokea, kisha inaipunguza ienee kwenye kioo chake. Mwambie muuzaji aandike modeli na tarakimu hizo kwenye risiti. Akikataa, nenda duka lingine.